Shajara ya filamu ya wanafunzi "Uko Macho?": usalama mtandaoni na afya ya akili

Shajara hii inafuata utengenezaji wa filamu fupi ya klabu ya filamu ya shule moja ya sekondari jijini Tanga, ambayo mimi ni mwalimu mlezi wake. Filamu ina dakika 14, nayo inamhusu Zawadi, msichana wa kidato cha tatu anayetishiwa na mtu aliyejuana naye mtandaoni wakati wa likizo kwamba asipomtumia fedha, picha yake ya faragha itasambazwa. Ninaandika ili klabu nyingine ziweze kuifuata njia yetu, au kuikwepa pale tulipopotea. Hatua za kawaida nimezigusa kwa ufupi. Makosa nimeyaeleza kwa urefu, kwa kuwa katika jambo hili kosa la mtengenezaji haliishii kwenye filamu, linaweza kumuumiza mtoto aliye hai. Bajeti tuliyoanza nayo ilikuwa shilingi 300,000.

Jumamosi, 8 Februari 2025. Kutafuta hadithi

Tulikutana wanafunzi 13 na mimi. Niliwaketisha kwa duara nikamwomba kila mmoja asimulie jambo baya alilolipata au aliloliona mtandaoni, nikiamini kwamba hadithi ya kweli ndiyo itakayotupa filamu ya kweli. Wa tatu alikuwa msichana aliyeanza kusimulia habari za rafiki yake, akafika katikati, akanyamaza, na ukimya wake ukawaambia wenzake wote kwamba rafiki huyo ni yeye mwenyewe. Nilikifunga kikao papo hapo, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Jumatatu yake nilikwenda na mwalimu wetu wa unasihi kumwona mnasihi anayefanya kazi katika kliniki ya afya ya akili ya hospitali moja mjini. Alinisikiliza, kisha akaniuliza ni nani ningemkabidhi mtoto yule iwapo angemaliza kusimulia na kuanza kulia mbele ya darasa. Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo mama huyu amekuwa mshauri wa filamu kwa kila hatua, na hakupokea malipo ila nauli ya shilingi 10,000 kwa kila safari. Msichana yule amekuwa akionana naye kwa ridhaa yake na ya mama yake, na hakuna chembe ya habari zake iliyoingia katika filamu.

Jumamosi, 22 Februari 2025. Sanduku la vikaratasi

Badala ya duara tuliweka sanduku lenye kufuli mlangoni mwa maktaba kwa siku tano. Tulitangaza mambo mawili kabla ya kuliweka: kwamba hakuna anayelazimika kuandika jina, na kwamba kikaratasi kitakachoonyesha mtoto yumo hatarini sasa hivi hatutakifanyia siri, tutakipeleka kwa mnasihi. Vilipatikana vikaratasi 41. Vitatu vilikuwa na majina ya watu waliotaka msaada, na mnasihi alionana nao wote ndani ya juma hilo.

Nilitarajia kusoma habari za wageni wa mtandaoni wenye hila, na zilikuwamo. Ila jambo lililojirudia kuliko yote halikuwa mgeni. Shuleni kwetu, kama katika shule nyingi za serikali, mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu, na nyumbani wengi hutumia simu ya kaka, ya shangazi au ya jirani bila ruhusa. Kwa hiyo mtoto anapopatwa na jambo, kitu kinachomfunga mdomo ni swali analojua kwamba litaulizwa kwanza na mtu mzima yeyote atakayemwendea: "Simu umeitoa wapi?" Kikaratasi kimoja kilisema kwamba mwandishi wake aliona ni afadhali aendelee kumlipa mtu huyo kuliko kulijibu swali hilo. Hapo ndipo tulipoipata filamu yetu: ingehusu swali la kwanza.

Jumamosi, 15 Machi 2025. Rasimu ya kwanza na mwisho wake

Ni Ramadhani, hivyo tumekuwa tukikutana asubuhi na kumaliza kabla ya adhuhuri. Wanafunzi waliandika rasimu ya kwanza kwa siku nne, na kwa jina waliiita "Aibu ya Zawadi". Mwishoni Zawadi alijiua, na kamera ilionyesha namna alivyofanya, kisha darasa likalia kaburini na mwalimu akatoa hotuba. Wanafunzi waliipenda sana. Walisema mwisho huo ndio utakaowashtua watazamaji na kuwafanya waache tabia mbaya.

Mnasihi aliisoma akaja na mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani liliutoa mwaka 2019 kwa ajili ya watengenezaji wa filamu na tamthilia kuhusu kuonyesha suala la kujiua. Alitusomea mambo machache, nasi tukayajadili kwa saa mbili. Tendo lenyewe na njia yake visionyeshwe wala kuelezwa, kwa sababu mtazamaji aliye katika hali kama ya mhusika anaweza kuiga. Kifo kisionekane kama jibu la tatizo wala kama njia ya kuwaadhibu waliomkosea, na kaburi lenye darasa zima linalojuta lilikuwa linasema hivyo hasa, ingawa waandishi hawakukusudia. Sababu isifanywe kuwa moja tu. Zaidi ya yote, hadithi ionyeshe mtu akipata msaada na msaada huo ukifanya kazi.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne alipinga kwa heshima: "Mwalimu, lakini si ndivyo inavyotokea?" Ni kweli hutokea. Mnasihi alimjibu kwamba hutokea pia, na mara nyingi zaidi, mtoto akazungumza na mtu na akaendelea kuishi, na kwamba hilo halijawahi kuonyeshwa mbele yao hata mara moja. Tulikubaliana kufuta mwisho ule. Jina nalo lilibadilika, kwani aibu si ya Zawadi. Jina jipya, "Uko Macho?", ni ujumbe anaomwandikia rafiki yake saa nane usiku.

Jumamosi, 5 Aprili 2025. Rasimu ya pili imeshindikana, ya tatu imekubaliwa

Rasimu ya pili iliondoa kifo ikaweka hotuba. Mwalimu mkuu wa kwenye hadithi alisimama mstarini akaeleza hatari za mitandao kwa kurasa mbili na nusu. Tuliisoma kwa sauti mbele ya wanafunzi kumi wasio wa klabu, na walipofika ukurasa wa hotuba niliona macho yao yakihamia dirishani. Tukaitupa.

Katika rasimu ya tatu Zawadi anamwambia mama yake mdogo alfajiri, wakati mama mdogo anakaanga vitumbua vya kuuza. Mama mdogo haulizi simu imetoka wapi. Anaepua kikaango, anakaa chini, anauliza: "Umekula tangu jana?" Robo nzima ya filamu inayofuata inaonyesha kinachotokea baada ya kusema, jambo ambalo rasimu zote mbili za mwanzo zililiruka.

Makosa manne ya rasimu hii tuliyarekebisha kabla ya kurekodi, na nadhani klabu yoyote itakutana nayo.

Kwanza ni dalili. Waandishi walimfanya Zawadi awe na nywele timutimu, chumba chenye giza na machozi kila onyesho. Mnasihi alisema watoto wengi anaowaona huja wakiwa wamechana nywele na wanatabasamu. Tukaandika upya kwa mambo madogo: haamki kwenda mazoezi ya netiboli aliyoyapenda, chai inapoa mbele yake, analalamika tumbo na kichwa kila siku ya shule, hapati usingizi, na siku moja anampa mwenzake viatu vyake vya netiboli akisema havihitaji tena. Kugawa vitu unavyovithamini ni dalili ya kuogopewa, na rafiki yake anayeitambua ndiye anayemuuliza waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Uongozi wa shule ulitaka sentensi hiyo itolewe kwa hofu kwamba itawatia watoto wazo. Mnasihi alikuja mwenyewe kueleza kwamba kumuuliza mtu moja kwa moja hakumpandikizii wazo hilo, bali humpa nafasi ya kusema. Sentensi ilibaki, na ninamshukuru mkuu wetu kwa kukubali kusikiliza.

Pili ni matusi ya kawaida. Mhusika mmoja alisema, kwa kuchekesha, "Huyu wa kupelekwa Mirembe." Tunajua sote namna jina la hospitali ile ya afya ya akili ya Dodoma linavyotumiwa mitaani kumdhihaki mtu. Tuliiacha kauli hiyo kinywani mwa mhusika, lakini tukaondoa kicheko kilichofuata na kuweka uso wa Zawadi akiisikia. Kauli ileile, ikipokelewa hivyo, inamweleza mtazamaji kwa nini mtoto haendi kutafuta tiba.

Tatu ni bibi. Bibi wa Zawadi anaamini mjukuu wake kapatwa na jini, na rasimu ilimfanya kichekesho. Nilikataa, na wazazi wa wanafunzi wangu pia wangekataa, kwa kuwa bibi wa namna hiyo yumo katika nyumba nyingi za hapa Tanga na ndiye mtu wa kwanza kuona kwamba mtoto halali. Sasa anamsomea dua, kisha anajifunga kanga na kwenda naye hospitali, na hakuna anayeona kwamba moja linapingana na jingine.

Nne ni ushahidi. Katika rasimu, rafiki anamshauri Zawadi afute mazungumzo yote mara moja ili asahau. Askari wa Dawati la Jinsia na Watoto tuliyemwomba ushauri alisema huo ndio ushauri unaowakwamisha kila siku. Mpangilio sahihi, ambao sasa umo kwenye filamu, ni kutolipa, kwa sababu anayelipwa mara moja hurudi; kuhifadhi picha za skrini za vitisho, jina la akaunti, tarehe na namba iliyotajwa kupokea fedha; kisha ndipo kumzuia mtu huyo na kutoa taarifa. Picha ya faragha yenyewe haitumwi kwa mtu yeyote, hata kwa nia ya kuonyesha ushahidi. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza uchapishaji wa picha za ngono za mtoto, na mtoto, kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, ni kila aliye chini ya miaka 18. Anayeisambaza kwa "kumsaidia" anaweza kujikuta upande usio wake.

Hapohapo tuliamua kwamba picha hiyo haitaonekana, haitatengenezwa, wala haitaigizwa kwa kufunikwa ukungu, kwa sababu hata picha iliyofunikwa ukungu lazima kwanza ipigwe. Mtazamaji anaona mwanga wa simu kwenye nyuso za wanaoitazama, basi.

Gharama hadi leo: kuchapa miswada na fomu za ridhaa za wazazi, shilingi 23,500. Afisa utamaduni wa halmashauri tulimwona mapema ili kufahamu taratibu za vibali.

Jumamosi, 10 Mei 2025. Siku ya kwanza ya kurekodi, karibu yote imeharibika

Tunarekodi kwa simu mbili. Tulinunua stendi ya shilingi 45,000, kadi ya kumbukumbu ya shilingi 28,000, na maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo ya shilingi 15,000.

Maonyesho ya darasani yalitoka na mikanda ya giza ikipanda kwenye picha. Chanzo ni taa za mirija. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa hizo hupepesa mara 100 kwa sekunde, ilhali simu zilikuwa zimewekwa fremu (picha moja moja zinazounda video) 30 kwa sekunde na zinachagua zenyewe muda wa kila fremu kupokea mwanga. Tulipakua programu ya kamera inayoruhusu kuweka mambo hayo kwa mkono, tukaweka fremu 25 kwa sekunde na muda wa sehemu 1 kwa 50 ya sekunde. Mikanda ikaisha. Dakika mbili za majaribio kabla ya siku hiyo zingetuokolea siku nzima.

Maikrofoni ilinguruma kila mwigizaji alipogeuka, na saa sita mvua ya masika ikapiga bati kiasi kwamba hatukusikiana. Ile ya shilingi 15,000 tuliiweka kando moja kwa moja, tukanunua mbili za shilingi 30,000 kila moja. Mwangwi wa darasa tuliupunguza kwa kutundika mablanketi ya bwenini nyuma ya kamera. Chakula cha watu 14 kwa shilingi 2,000 kila mmoja kilikuwa shilingi 28,000.

Jumapili, 18 Mei 2025. Vitumbua, na vipande vilivyopotea

Onyesho la mama mdogo lilirekodiwa mara saba. Mara nne za mwanzo mafuta yalichemka kwa sauti iliyofunika maneno yote. Suluhisho lilikuwa kurekodi sauti ya kukaanga peke yake kwa dakika mbili, kisha kuepua kikaango na kuigiza mazungumzo juu ya jiko lililopoa, moshi ukitoka kwa jiko jingine lililo nje ya picha. Katika kuhariri tuliiweka sauti ile chini ya maneno, na inakoma pale mama mdogo anapoepua. Ukimya unaofuata ndio ninaoupenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya kazi hii.

Jioni mwanafunzi aliyesimamia vipande alivihamishia kwenye kompyuta, akavifuta kwenye kadi, na faili sita zikakataa kufunguka. Hakuwa na kosa, kwa sababu sikuwa nimempa utaratibu. Tulinunua flashi mbili kwa shilingi 40,000, na kanuni yetu sasa ni kwamba kadi haifutwi mpaka mtu wa pili amevicheza vipande vyote kutoka sehemu mbili tofauti.

Jumamosi, 14 Juni 2025. Mwigizaji wetu

Hivi majuzi mama wa msichana anayeigiza Zawadi alinipigia simu. Baada ya salamu alisema: "Mwalimu, mwanangu amekuwa kama yule wa kwenye filamu yenu. Hasemi, anajifungia." Tulisimamisha kazi siku hiyohiyo.

Nilikuwa nimepanga maonyesho mazito yote yafuatane ili tumalize mapema, na kila siku iliishia kwa zito kuliko yote, kisha mtoto akapanda baiskeli yake kurudi nyumbani peke yake na moyo ule. Mnasihi alizungumza naye mara mbili, akatupangia utaratibu mpya tunaoufuata bila kuruka. Zawadi ana bangili ya shanga nyekundu. Mwigizaji anaivaa kuingia kwenye uhusika, na kila kipande kikiisha anaivua, anasema jina lake halisi na jambo moja analotarajia kufanya jioni. Onyesho zito halirekodiwi la mwisho, na siku inaishia uwanjani kwa mchezo wa rede. Ana haki ya kusema basi bila kueleza sababu. Mama yake alikuja kukaa nasi siku mbili zilizobaki, na nadhani kuwapo kwake kulisaidia kuliko mpango wangu wowote.

Jumamosi, 12 Julai 2025. Kuhariri

Kompyuta yangu ilikwama mara kwa mara mpaka tulipotengeneza nakala nyepesi za vipande vyote na kuhariri kwa hizo. Toleo la kwanza lilikuwa dakika 22.

Kosa kubwa lilikuwa mazungumzo ya simu. Tulirekodi skrini halisi, na ukutani hakuna aliyeweza kusoma neno. Tukayahamishia maandishi pembeni ya uso wa mwigizaji, kwa herufi kubwa, yasiyozidi maneno manane kwa mara moja, yakibaki kwa muda wa kutosha kuyasoma mara mbili polepole. Lugha yake ilitupa tabu. Wanafunzi huandikiana "xaxa mbona kimya" na "cjui", wazazi hawakuelewa, na tulipoandika Kiswahili sanifu wanafunzi walisema hakuna kijana anayeandika hivyo na wakaacha kumwamini mhusika. Tuliruhusu ufupisho pale tu ambapo mtu mzima anaweza kuukisia.

Katika skrini zile za mwanzo kulikuwa na namba ya simu ambayo mwanafunzi aliibuni kichwani. Mwenzake aliijaribu, na mama mmoja akapokea. Tungekuwa tumemfanya mtu asiyehusika kuwa mtishaji wa watoto. Sasa hakuna tarakimu popote kwenye filamu isipokuwa 116, namba ya bure ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, na hiyo tuliipiga sisi wenyewe kabla ya kuiandika. Nembo ya shule kwenye sare nayo tuliiondoa, kwa kuwa ingewafanya watu mjini waulize ni mwanafunzi gani aliyepatwa na mkasa huo.

Jumamosi, 16 Agosti 2025. Onyesho la majaribio

Tulikodi projekta kwa shilingi 40,000 tukawaonyesha wanafunzi 30. Mnasihi alipata dharura, nami nikaamua tuendelee bila yeye. Sikupaswa. Dakika ya saba, pale Zawadi anapogawa viatu, mvulana mmoja alitoka, na kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa na watu wamekaa mbele yake, ilimbidi awapite wote. Nilimfuata. Nilikaa naye chini ya mwembe, na sikumuuliza chochote mpaka aliposema mwenyewe kwamba kaka yake alifanya hivyohivyo mwaka jana. Kaka yake yu hai. Siku ya pili nilimpeleka kwa mnasihi.

Tumeweka masharti ambayo hayalegezwi. Kabla ya filamu kuanza watazamaji wanaelezwa wazi inahusu nini na kwamba wanaweza kutoka. Mlango unabaki wazi na njia ya kuufikia iko pembeni. Mnasihi au mwalimu wa unasihi yupo, na watu wameonyeshwa uso wake. Namba 116 inaonekana mwanzoni na mwishoni, na inasomwa kwa sauti.

Watazamaji pia hawakuelewa kama picha iliyokwisha kusambazwa inaweza kuzuiwa. Tutaongeza onyesho ambamo mama mdogo na Afisa Ustawi wa Jamii wanamsaidia Zawadi kutumia Take It Down, huduma ya bure kwa picha za faragha za watu zilizopigwa walipokuwa chini ya miaka 18. Huduma hiyo hutengeneza alama ya kidijiti ya picha ndani ya simu yenyewe, na alama hiyo tu ndiyo inayotumwa kwa mitandao inayoshirikiana nayo ili iitambue na kuiondoa. Picha haitoki kwenye simu. Sehemu hii ya mwisho lazima ieleweke, kwa sababu mtoto aliyekwisha kuumizwa kwa kutuma picha hatakubali kuituma tena popote.

Jumamosi, 30 Agosti 2025. Kipande kilichovuja

Mwanachama mmoja wa klabu, kwa fahari, aliweka sekunde 20 za filamu kwenye hali yake ya WhatsApp. Kufikia kesho yake kipande hicho kilikuwa kwenye makundi ya shule nyingine mbili, na mwigizaji wetu akaanza kuitwa "Zawadi wa picha" njiani anapopita na baiskeli yake. Filamu ya kumlinda mtoto ilikuwa imemweka mtoto wetu mwenyewe katika hali ileile.

Tulifanya kile ambacho filamu inafundisha. Tulihifadhi ushahidi, tukawaandikia walimu wakuu wa shule hizo, nao walisaidia haraka, na kijana aliyeweka kipande akakifuta na kwenda na mimi nyumbani kwa mwigizaji kuomba radhi kwa mama yake. Nilipoanza kumhoji kijana huyo, swali langu la kwanza lilikuwa "Simu umeitoa wapi?" Nililisikia likitoka kinywani mwangu. Nilinyamaza, nikamwomba aketi, nikaanza upya.

Mwigizaji aliulizwa kama anataka filamu isimamishwe, na angesema ndiyo tungesimamisha. Aliomba siku tatu, kisha akasema iendelee, kwa sharti kwamba majina ya waigizaji yasiandikwe. Fomu zetu za ridhaa ziliruhusu "kuonyeshwa", bila kusema wapi. Tumeziandika upya kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: filamu itaonyeshwa mbele ya watu waliokusanyika, haitawekwa mtandaoni, na mzazi au mwigizaji anaweza kuondoa ridhaa wakati wowote.

Jumamosi, 20 Septemba 2025. Kurekodi upya na hesabu

Siku mbili za kurekodi upya zimeisha leo: onyesho la Ustawi wa Jamii, na maonyesho ya darasani bila nembo. Filamu imeshuka kutoka dakika 22 hadi 14, na kilichokatwa zaidi ni vilio.

Siku sita za kurekodi zimekula shilingi 168,000 za chakula. Safari nne za mnasihi ni 40,000. Nikijumlisha vifaa, uchapaji na projekta kwa maonyesho mawili, jumla ni shilingi 499,500, karibu 200,000 juu ya bajeti. Shule ilitoa 200,000, wazazi na walimu 180,000, nami nikafidia 119,500. Kama ningejaribu mwanga na sauti mapema na kuondoa nembo tangu mwanzo, shilingi 71,000 zisingetumika: chakula cha siku mbili na ile maikrofoni mbovu.

Ijumaa, 10 Oktoba 2025. Onyesho

Tumeonyesha leo, Siku ya Afya ya Akili Duniani, alasiri baada ya sala ya Ijumaa, kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne pamoja na wazazi. Watu wanne walitoka na wawili wakarudi. Mnasihi alikaa pembeni ya mlango mpaka saa kumi na mbili jioni.

Mzee mmoja alisimama akasema kwamba yeye angeuliza simu imetoka wapi, na kwamba bado anaona ni haki yake kuuliza. Mama aliyekaa nyuma yake akamjibu: "Uliza, mzee wangu, lakini uliza kesho." Nimeliandika jibu hilo ubaoni katika chumba cha klabu.

Sanduku lilirudishwa mlangoni mwa maktaba jioni hiyohiyo.

Jumamosi, 18 Oktoba 2025. Nakala

Shule tatu zimeomba filamu. Mbili zina mwalimu wa unasihi aliyekubali kuwapo, na flashi zimekwenda mkononi pamoja na karatasi ya masharti. Ya tatu ilitaka kuionyesha mstarini asubuhi kwa wanafunzi wote 900, bila mnasihi, kabla ya vipindi. Tumewaomba wasubiri mpaka tuweze kuwapatia mtu wa kukaa nao. Kazi iliyobaki ni kuweka maandishi ya mazungumzo yote chini ya picha kwa ajili ya wanafunzi viziwi, na wanafunzi wawili wa kidato cha pili wameanza na onyesho la vitumbua.